Vumbi la Mwajiri, Damu ya Mfanyakazi

Mwaka 1938 mwanabiolojia wa Uingereza, J. B. S. Haldane, alichapisha kitabu kuhusu urithi wa kimaumbile na siasa. Ndani yake aliyagusa maradhi ya kifua yaliyokuwa yakiwaua wafinyanzi wa nchi yake, akatoa hoja ambayo mpaka leo haijazeeka. Wafinyanzi walio wengi, alieleza, hawafi kwa maradhi hayo ijapokuwa wanafanya kazi ile ile. Huenda, basi, ni sehemu yao tu ambao maumbile yao huwaelekeza kwenye ugonjwa. Ikiwa ndivyo, na ikiwa sayansi siku moja itaweza kuwatambua, maradhi ya wafinyanzi yangeweza kukomeshwa kwa njia nyepesi: wenye maumbile hayo wasipokelewe katika kazi ya ufinyanzi.

Haldane hakuwa adui wa wafanyakazi. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa mtaalamu wa upumuaji aliyeshuka migodini kuchunguza hewa waliyoivuta wachimbaji, na mwana alishuka pamoja naye tangu utotoni. Kisiasa alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na miaka michache baada ya kitabu hicho alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Lau pendekezo lile lingetoka kwa tajiri mwenye kiwanda, ingekuwa rahisi kulitupa kando na kusema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Lakini limetoka kwa rafiki, na limetoka katika huruma. Kwa sababu hiyo linadai jibu lenye uzito. Kazi inapomuua mtu mmoja na kumwacha mwenzake, je, kinachopaswa kubadilishwa ni kazi au ni mtu?

Yafaa kukubali kwanza kwamba msingi wa hoja yake ulikuwa wa kweli. Mwenye kukata jiwe, kutoboa mwamba au kusaga gumegume huachia hewani chembechembe za silika. Zilizo kubwa hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo zaidi, ambazo jicho haliwezi kuziona, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, na huko hukutana na seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Seli huimeza chembe lakini haiwezi kuiyeyusha. Hufa, na chembe hubaki huru kumezwa na seli nyingine. Kila inapokufa seli, hutolewa ishara za kikemikali za kuita msaada. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapa mbiu hulia miaka nenda miaka rudi, na askari wanaoitika ndio wanaoubomoa mji. Nyama laini ya pafu hugeuka kovu, na kovu halipumui. Ugonjwa huo, yaani silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na aliyeupata huwa mwepesi wa kushikwa na kifua kikuu.

Urithi huingia katika sauti ya mbiu. Mojawapo ya ishara hizo ni protini iitwayo TNF alfa, na watu hawakuzaliwa na kipimo kimoja cha kuitoa. Kuna mwenye jeni inayoipiga mbiu kwa nguvu na mwenye jeni inayoipiga kwa upole. Watafiti waliowachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wengine wa vumbi wameona kwamba baadhi ya tofauti hizo huambatana na makovu makubwa zaidi, au na ugonjwa unaokwenda mbio zaidi. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Tofauti iliyoonekana kuwa na uzito katika kundi moja ilionekana nyepesi katika kundi jingine. Aidha, mwaka 1963 nchini Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walieleza upungufu wa kurithi wa protini inayoyalinda mapafu dhidi ya vimeng'enya vya mwili wenyewe. Aliyeurithi upungufu huo kutoka kwa wazazi wote wawili huweza kuharibikiwa na mapafu mapema, hasa akivuta moshi au vumbi. Kwa hiyo si uongo kusema kwamba watu wawili waweza kusimama mbele ya jiwe moja, kwa saa zile zile, mmoja akatoka na kikohozi na mwenziwe akatoka na mauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa beriliamu, metali nyepesi kuliko aluminiamu na ngumu kupindika kuliko chuma, inayotumika katika vyombo vya anga, vifaa vya elektroniki na silaha za nyuklia. Vumbi lake halimdhuru kila alivutaye kwa namna moja. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huichukulia beriliamu kuwa adui wa kudumu, na mapafu hujaa vinundu na makovu. Mwaka 1993 ilichapishwa taarifa kwamba alama moja katika jeni iitwayo HLA-DPB1 ilikuwamo kwa asilimia 97 ya wagonjwa waliochunguzwa, na kwa asilimia 30 tu ya wafanyakazi waliovuta vumbi hilo bila kuugua. Uchunguzi uliofuata uliongeza kwamba waliorithi alama hiyo kwa baba na kwa mama huelekea kuugua vibaya zaidi. Sayansi aliyoingoja Haldane ilikuwa imefika.

Lakini ilipofika ilikuta swali ambalo haikuletwa kulijibu. Maabara inaweza kusema kwamba mtu fulani ana alama fulani. Haiwezi kusema kwamba alama hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa wake, kwa maana ambayo mahakama, mwajiri na mjane wa marehemu hulitumia neno chanzo.

Wanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart na Tony Honoré, katika kitabu chao cha mwaka 1959 kuhusu usababishi, walilichambua jambo hili kwa kutumia moto. Nyumba ikiteketea, hapana moto bila oksijeni, lakini hapana mpelelezi anayeandika kwamba chanzo cha moto ni oksijeni. Oksijeni ipo daima, nayo huhesabiwa kuwa hali ya kawaida. Chanzo hutafutwa katika kile kilichotoka nje ya kawaida, au katika tendo la mtu: kibiriti kilichotupwa, waya uliochubuka. Katika karakana iliyojengwa kwa makusudi ili oksijeni isiingie, mambo hugeuka. Oksijeni ikipenya na moto ukalipuka, oksijeni ndiyo chanzo. Kumbe kutaja chanzo ni zaidi ya kuhesabu vitu vilivyohitajika ili jambo litokee. Mwenye kutaja chanzo huwa ameshaamua nini ni kawaida na nini si kawaida.

Sasa na itazamwe karakana yenye vumbi. Ili jeni ya mfanyakazi ionekane kuwa chanzo cha ugonjwa wake, ni lazima kwanza vumbi lihesabiwe kuwa hali ya kawaida, kitu kilichopo kama ilivyopo oksijeni. Vumbi likishazoeleka hivyo, mwili ndio unaoonekana umekosea. Uamuzi huo hutangulia vipimo vyote, na hakuna darubini inayouona. Silika haikuruka yenyewe kutoka katika mwamba na kuingia mapafuni. Kuna aliyeagiza mwamba ukatwe mkavu badala ya kuloweshwa, aliyeona kipeperushi cha kunyonya vumbi ni gharama, aliyepanga saa za zamu. Jeni haina mtu aliyeiagiza. Kati ya masharti mawili ya ugonjwa, moja lilitungwa tumboni mwa mama bila ya mtu kukusudia, na jingine lilitungwa ofisini kwa hesabu ya faida na hasara. Kuyaita yote mawili visababishi na kuyaweka katika mizani moja ni kuusahau mkono uliolishika moja kati yao.

Kiswahili kina neno linaloonyesha jinsi usahaulifu huo unavyoweza kujificha ndani ya lugha. Ajali, katika mazungumzo ya kila siku, ni gari lililopinduka au mkono uliokatwa na mashine. Katika asili yake ya Kiarabu, na katika matumizi ya kale ya Kiswahili chenyewe, ajali ni siku iliyokwisha kuandikwa, muda aliokadiriwa mja na Mola wake. Mwenye kusema ajali kazini huweza, bila kukusudia, kuliondoa tukio mikononi mwa watu na kuliweka katika kadari. Jeni ina mvuto uo huo. Ni majaaliwa yaliyovaa koti jeupe la maabara: ilikuwa imeandikwa, wala si kwa kalamu ya meneja. Hata hivyo wacha Mungu wenyewe hawakuwahi kuitumia kadari kwa namna hiyo. Anayesadiki kwamba ajali haina kinga bado hukifunika kisima kilicho uani kwake, na mtoto wa jirani akitumbukia katika kisima kilichoachwa wazi, hapana kadhi atakayekubali utetezi kwamba mtoto alizaliwa mwepesi wa kuteleza.

Ziko pia hesabu, na hesabu hazimpendelei Haldane. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, karakana yenye waombaji kazi 100, ambao 30 kati yao wana alama inayoogopwa. Na ichukuliwe kwamba, vumbi likiachwa kama lilivyo, watano wataugua, wote kutoka miongoni mwa hao 30. Kuwakataa wenye alama kutawaokoa watano. Kutawanyima kazi pia watu 25 ambao wasingeugua kamwe, na hapana anayeweza kujua ni wapi kati ya 30. Waliobaki, 70, wataingia katika vumbi lile lile, na mwajiri atakuwa na cheti mkononi kinachosema hao ni salama. Mfano huu umeipendelea hoja ya Haldane kadiri inavyowezekana, maana hata katika ule utafiti wa 1993 alama haikuwamo kwa wagonjwa wote. Kwa silika, ambayo haina alama moja yenye nguvu kama ile ya beriliamu, hesabu huwa mbaya zaidi. Tena vumbi likizidi, tofauti za urithi humezwa nalo. Katika handaki la Hawk's Nest huko West Virginia, lililotobolewa mwaka 1930 na 1931 katika mwamba wenye silika nyingi, wafanyakazi kwa mamia, wengi wao Wamarekani Weusi waliotoka mbali kutafuta riziki, walikufa kwa silikosisi ya kasi ndani ya miaka michache. Haiyumkiniki kwamba watu wote hao walikuwa na jeni dhaifu.

Historia nayo inaonyesha kwamba desturi ya kuulaumu mwili ni kongwe kuliko elimu ya jeni. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, vibarua waliotoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini walikufa kwa kichomi kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwaajiri. Marufuku hiyo iliokoa maisha, na haifai kuibeza. Lakini maelezo yaliyoizunguka yalikuwa kwamba watu wa tropiki wana vifua dhaifu. Daktari William Gorgas, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa kupambana na homa ya manjano huko Panama, alialikwa na wenye migodi kuangalia hali hiyo, akayakazia macho makazi: watu walirundikwa mno katika mabweni, akashauri watawanywe na wapewe nafasi. Kundi lile lile la watu, vifo vile vile. Mmoja aliona mbari, mwenziwe aliona vitanda. Marufuku ilipoondolewa katika miaka ya 1930, wakala wa kuajiri vibarua, waliojulikana kwa jina la Wenela, walirudi kuchukua watu wa nchi za tropiki, wakiwamo vijana wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Walipimwa uzito na vifua kabla ya kuvushwa, na walioharibikiwa walirudishwa makwao kufia huko, mbali na vitabu vya hesabu vya mgodi.

Mfano wa pili unatoka katika jeni inayojulikana vizuri Pwani ya Afrika Mashariki na Oman. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Kinyume chake, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hata hivyo Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kiliwafungia milango vijana wenye hali hiyo mpaka mwaka 1981, kwa hofu ya hatari ambayo wengi wao wasingeipata. Walioathirika walikuwa hasa Wamarekani Weusi. Maumbile yaliyowavusha mababu zao katika nchi za mbu yaliitwa kasoro katika nchi ya ndege. Funzo lake si dogo: udhaifu haukai ndani ya mwili peke yake. Hukaa katika uhusiano wa mwili na mahali ulipowekwa, na mahali hupangwa na watu.

Siku hizi Mkenya, Mganda au Mtanzania anayetaka kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba hupitia uchunguzi wa afya, na picha ya eksirei ya kifua ni sehemu yake. Uchunguzi huo hautafuti jeni. Hutafuta kifua kikuu na maradhi mengine, na nchi ina haki ya kujikinga na maambukizi. Lakini umewazoesha watu kuona kwamba jibu la swali la kazi ni neno moja linaloandikwa juu ya mwili: anafaa, au hafai. Cheti hicho hakisemi lolote juu ya hewa ya mahali mwenye mwili anapokwenda kukata marumaru na zege. Siku kipimo cha jeni kitakapokuwa rahisi kama eksirei, fomu itakuwa imekwisha kuandaliwa. Litaongezwa sanduku moja tu la kutia alama.

Hapa mtetezi wa Haldane anayo haki ya kusimama na kujibu, na jibu lake lina uchungu wa kweli. Mzigo wa mwenzio, atasema, ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa mwanafalsafa kutetea usawa akiwa amekaa maktabani. Yuko kijana anayeomba kazi katika karakana ya beriliamu. Amerithi alama kwa baba na kwa mama. Ikiwa kuna mtu anayejua na akanyamaza kwa kuogopa ubaguzi, kijana huyo ataingia, na miaka kumi baadaye atakuwa akipanda ngazi kwa kupumzika kila hatua ya tatu. Je, usawa wa namna gani huo, unaowapa wote haki ya kufa? Tena wapo walioathiriwa na beriliamu kwa kiasi kidogo sana cha vumbi. Hata karakana safi yaweza isiwe safi ya kutosha kwa ajili yake.

Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa kaulimbiu. Ni kweli kwamba kumficha mtu hatari inayomkabili ni kumdhulumu. Lakini kinachofuata kutokana na ukweli huo ni kwamba kijana aambiwe, na kuambiwa si sawa na kukataliwa. Waswahili husema mtu fulani ana kifua kwa maana mbili: kwamba anaugua maradhi ya kifua, na kwamba anaweza kutunza siri. Maana hizo mbili zinakutana katika jambo hili. Khabari za kifua cha mtu ni amana yake, na mwenye haki ya kwanza kuzijua ni yeye. Daktari anayempima anapaswa kuwa na kifua katika ile maana ya pili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inayokataza ubaguzi kwa misingi ya khabari za jeni imekwenda karibu na mwelekeo huo. Inamzuia mwajiri kuzitumia khabari hizo katika kuajiri na kufukuza. Pale inaporuhusu wafanyakazi wafuatiliwe kwa vipimo vya jeni kwa ajili ya sumu za kazini, inataka mfanyakazi apewe majibu yake, na mwajiri apate jumla tu, bila majina.

Hata hivyo kumwambia na kumwacha achague hakutoshi, kwa sababu uchaguzi wa mwenye njaa si uchaguzi kamili. Kijana aliyekwisha kukopa nauli, anayetazamwa na ndugu sita, akiambiwa ana alama atasema atajitahidi kuvaa barakoa. Ndiyo maana ukweli unaotolewa bila njia ya kutokea huwa aina nyingine ya ukatili. Kanuni ya beriliamu iliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2017 ililiona hilo kwa kiasi chake: mfanyakazi ambaye mwili wake umeanza kuikataa beriliamu aweza kuchagua kuondolewa katika vumbi, na mshahara na haki zake hulindwa kwa miezi 6. Miezi 6 ni michache. Lakini kimo chake kimekubaliwa humo: kuondoka kwake ni gharama ya kazi, wala si faini ya kuzaliwa kwake. Na ikiwa hata karakana iliyo safi kadiri ya uwezo wa binadamu bado itamdhuru mtu wa aina yake, basi jamii inayoihitaji metali hiyo kwa ndege na mabomu yake inadaiwa kumtafutia kazi nyingine ya heshima, maana ni haja yake iliyoifunga njia ya kijana, wala si damu ya wazazi wake.

Sheria ya Kiingereza, ambayo ilivuka bahari hadi mahakama za Afrika Mashariki, ina kanuni ya zamani inayolitia muhuri wazo hili. Katika hukumu ya mwaka 1901 ilielezwa kwamba aliyemuumiza mtu kwa uzembe hawezi kujitetea kwa kusema kuwa majeruhi angeumia kidogo tu lau asingekuwa na fuvu jembamba kupita kawaida. Mkosaji humchukua aliyemkosea kama alivyomkuta. Kanuni hii haikani kwamba mafuvu hutofautiana. Inakataa tu kuufanya wembamba wa fuvu uwe punguzo la deni. Kwa mantiki iyo hiyo, ukali wa silikosisi ya mchimbaji mmoja kuliko mwenziwe waweza kuelezwa kwa jeni katika jarida la tiba, na maelezo hayo yakawa sahihi kabisa, bila ya kupunguza hata senti katika fidia yake. Elimu ya jeni hueleza kwa nini vumbi lile lile liliwaumiza watu kwa viwango mbalimbali. Haielezi kwa nini waliwekwa ndani yake.

Yatumiwe vipi, basi, maarifa haya? Njia moja ni kuyatumia kama chekecheo la kuwachuja watu. Njia ya pili ni kuyatumia kama kipimo cha hewa. Ikiwa inajulikana kwamba theluthi ya watu wana miili inayoitikia vumbi kwa ukali, ambalo ni kundi kubwa mno kuitwa kasoro, basi kiwango cha vumbi kilichowekwa kwa kumfikiria mtu wa wastani ni kiwango kilichokosewa. Kwa takriban miaka 70 kikomo cha beriliamu katika karakana za Marekani kilikuwa mikrogramu 2 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Merril Eisenbud, mmoja wa wawili waliokipendekeza, alisimulia kwamba walikubaliana juu yake wakiwa ndani ya teksi. Kanuni ya 2017 ilikishusha hadi mikrogramu 0.2. Australia nayo, baada ya vijana wengi wa kukata mawe ya kutengenezwa viwandani kupata silikosisi, iliyapiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Haikuwataka wakataji mawe walete vyeti vya jeni. Huko Mererani, ambako tanzanaiti huchimbwa, kuzipima jeni za wachimbaji wote hakutapunguza chembe moja ya vumbi katika shimo. Maji yakipitishwa katika mashine ya kutobolea yatalipunguza siku hiyo hiyo, kwa mwenye jeni kali na mwenye jeni pole.

Wafinyanzi wa Haldane nao wana mwisho wa hadithi yao. Huko Staffordshire ilijulikana tangu karne ya 18 kwamba unga wa gumegume unaua. Katika miaka ya 1720 Thomas Benson alisajili hataza ya kulisaga jiwe hilo ndani ya maji ili vumbi lisiruke. Hata hivyo unga mkavu uliendelea kutumika kuvishikilia vyombo vya kauri visipindike tanuuni, na waliovipanga na kuvipangusa waliendelea kufa. Kisha ukapatikana unga mwingine, alumina, unaofanya kazi ile ile bila silika. Viwanda vilianza kuutumia, na mwaka 1947, miaka tisa tu baada ya kitabu cha Haldane, kanuni za serikali zikaukataza unga wa gumegume katika kazi hiyo. Katika idara hiyo silikosisi ilididimia. Miongoni mwa wanaume na wanawake walioendelea kupanga vyombo hivyo, bila shaka walikuwamo wenye yale maumbile ambayo Haldane alitamani yatambuliwe ili wenyewe warudishwe mlangoni. Hawakutambuliwa. Walikuja kazini asubuhi, wakarudi nyumbani jioni, na wala hapakuwa na haja ya mtu yeyote kujua ni akina nani.